Kosa la Jinai Halimalizwi Nyumbani



Kila mwaka mvua zianzapo, kaya nyingi za Kibaoni na vijiji vinavyoizunguka hufunga mizigo na kuhamia bondeni. Baba na mama hukaa madunguni katika mashamba ya mpunga, mbali na mji, hata mavuno yaishe. Watoto walio shuleni huachwa nyuma chini ya bibi, au chini ya dada mkubwa ambaye naye ni mtoto, au hukabidhiwa kwa jirani. Ndivyo bonde la Kilombero linavyoishi, wala hatuwalaumu wazazi. Mpunga ndio daftari na sare za shule, tena ndio bati la nyumba. Lakini yatupasa kusema wazi kwamba miezi hiyo ya kilimo ndiyo miezi ambayo mlango wa nyumba ya mapadre hubishwa hodi usiku.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyoihudumia kabla ya kuja huku, binti wa miaka kumi na miwili aliingiliwa kwa nguvu na mtu mzima aliyekabidhiwa kumtunza. Bibi yake aligundua siku ya tatu. Ukoo ukaitwa, wazazi wakarudi kutoka shambani, kikao kikakaa chini ya mwembe tangu asubuhi hadi alasiri. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwapo, katekista alikuwapo, na sisi tulikuwapo. Ikakubaliwa kwamba mkosaji atoe magunia sita ya mpunga na fedha kidogo, aombe radhi mbele ya wazee, na jambo lile lisitoke nje ya ukoo. Tuliombwa kukifunga kikao kwa sala. Tulikifunga. Binti hakuulizwa neno lolote, wala hakuitwa; alikuwa jikoni akisaidia kuwapikia waliokuwa wakizungumza habari zake.

Kabla mwaka haujaisha, mtu yule alimtendea vivyo hivyo mtoto mwingine, wa kaya nyingine.

Tunayaandika haya kwa sababu wajumbe wa Tume ya Haki na Amani wametueleza kwamba vikao vya namna hiyo vingali vinafanyika katika jumuiya zetu, na kwamba viongozi wetu hukaa humo kwa nia njema kabisa. Nia njema tulikuwa nayo hata sisi. Tulisahau tu kwamba upatanisho huhitaji pande mbili, na kila upande uwe na uwezo wa kusema hapana. Tamari, binti wa Mfalme Daudi, alipotendewa uovu na ndugu yake, aliambiwa na ndugu mwingine anyamaze kwa kuwa mkosaji ni wa nyumba moja. Daudi alikasirika sana, kisha hakufanya kitu. Asomaye sura ya kumi na tatu ya Kitabu cha Pili cha Samweli ataona damu iliyomwagika baadaye katika nyumba ile.

Yafaa basi tuanze na sheria ya nchi, maana wengi wetu huizungumza kwa kusikia. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, baada ya miaka ya kudai na kushawishi iliyofanywa hasa na akina mama wanahabari wa TAMWA pamoja na wenzao wanasheria. Sheria hiyo ilibadili Kanuni ya Adhabu. Tangu hapo mtu mzima apatikanaye na hatia ya kubaka hufungwa miaka isiyopungua 30. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi hufungwa maisha, na hali kadhalika wale wabakao kwa kundi. Msichana asiyetimiza miaka 18 hawezi kusemwa kuwa alikubali. Neno hilo halimwokoi mtuhumiwa. Mtoto wa kiume naye analindwa: kumlawiti mtoto ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha maisha. Tunataja watoto wa kiume kwa makusudi, maana jamii yetu huona aibu hata kuwaza kwamba nao hudhurika. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hebu tuihesabu jumuiya moja yenye kaya ishirini na tano, tuone ni watoto wangapi.

Kosa hili ni la Jamhuri. Maana yake ni kwamba anayeshtaki ni Serikali kwa niaba ya watu wote, na aliyetendewa ni shahidi wa Serikali. Baba wa binti hana mamlaka ya kulifuta, mjomba hana, wala sisi mapadre hatuna. Sheria huiruhusu mahakama kuwapatanisha watu katika mambo madogo, kama majirani waliopigana makofi kisimani. Kosa kubwa la jinai halimo katika ruhusa hiyo. Hata Mahakama ya Mwanzo haina uwezo wa kusikiliza shauri la kubaka, ambalo huanzia Mahakama ya Wilaya. Ikiwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hana uwezo huo, kikao cha chini ya mwembe kimeutoa wapi? Tena Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa kupokea mali kwa mapatano ya kuficha kosa kubwa. Yale magunia sita, ambayo sisi tuliyaombea baraka, yalikuwa kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Wapo wasemao, na tunawaheshimu kwa kuwa wanasema kwa uchungu: "Padre, mtu yule akifungwa, mtoto wetu anapata nini? Afadhali mpunga." Sheria hiyohiyo ya 1998 inaiagiza mahakama imwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia aliyetendewa, kwa kiasi ambacho mahakama yenyewe itakipanga kulingana na madhara. Hatutawadanganya kwamba fidia hulipwa upesi, au kwamba mfungwa asiye na kitu ataitoa kwa urahisi. Lakini fidia ile ni ya binti. Mpunga wa kikao ulikwenda kwa nani? Tulifuatilia baadaye: magunia mawili yalibaki kwa baba, manne yaligawanywa kwa wajomba na wazee waliokaa kikao.

Na kuna mapatano mabaya kuliko ya mpunga, yaani kumwoza binti kwa huyohuyo aliyemharibu ili aibu ifunikwe. Hapa pia hatuna mahali pa kujificha. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Na kama binti ni mwanafunzi, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtishia amwoaye au ampaye mimba kifungo cha miaka 30. Padre afungishaye ndoa ya namna hiyo, au katekista aiandikaye, asiseme hakujua.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha tatizo. Familia nyingi hazikwepi mahakama kwa kumpenda mkosaji. Zinakwepa kwa kutojua njia na kwa kuogopa gharama. Mama mmoja alituambia kwamba hakwenda kushtaki kwa kuwa hakuwa na fedha za wakili. Hakuwa na haja ya wakili. Mwendesha mashtaka wa Serikali ndiye anayeiongoza kesi, na huduma yake hailipiwi. Fomu ya polisi, ile iitwayo PF3, nayo haiuzwi. Vituo vikubwa vya polisi vimewekewa Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo maelezo huchukuliwa faraghani na askari aliyefundishwa kazi hiyo. Kinachomtoa mtu jasho ni mengine: nauli ya bodaboda na basi kutoka shambani, siku za kazi zinazopotea, karatasi isiyoeleweka, tarehe inayoahirishwa mara ya nne, na macho ya majirani. Hapo ndipo msaada wa kisheria unapohitajika, na sehemu kubwa ya msaada huo haihitaji shahada ya sheria.

Tuanze na saa za kwanza. Mtu aliyebakwa anapaswa kufika kwenye huduma ya afya ndani ya saa 72, ambazo ni siku tatu, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Zikipita saa hizo dawa haina faida tena. Na hata ndani ya siku hizo tatu, ya kwanza ni bora kuliko ya pili. Yule bibi wa parokia yetu ya zamani aligundua siku ya tatu, na sisi tukaitumia siku hiyo kukaa kikao. Mtu mwenye jeraha kubwa atibiwe kwanza, fomu ifuatwe baadaye. Asioge kabla ya kuonwa na mganga, ingawa tunajua kwamba kuoga ndilo jambo la kwanza analolitamani. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zianikwe kivulini kama zimelowa, kisha zitiwe katika mfuko wa karatasi, maana ndani ya mfuko wa nailoni unyevu huharibu ushahidi. Na watu wasimzunguke kumuuliza maswali mmoja baada ya mwingine. Shangazi, mwenyekiti, katekista, kila mmoja akitaka kusikia habari yote tangu mwanzo, mtoto huchoka, maelezo huanza kutofautiana, na mtetezi wa mshtakiwa atazitumia tofauti hizo siku ya kesi. Amsikilize mtu mmoja anayeaminiwa, aandike kwa maneno ya mtoto mwenyewe, asimtilie neno kinywani.

Kisha polisi. Ifakara mjini tunayo hospitali kubwa ya Mtakatifu Fransisko na kituo cha polisi, basi mtu wa Kibaoni hana safari ndefu. Mtu wa madunguni, masika yanapofunga njia, anayo. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji lazima wapewe taarifa saa ileile ili wasaidie usafiri, na pale penye simu kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwekea kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Haikusema ndugu wa damu peke yao. Imesema kila mwanajamii.

Viongozi wetu wengine husema: "Nililisikia kwa siri, siwezi kulitoa." Hapa tutofautishe. Siri ya kitubio ni ya padre aungamishaye, nayo haivunjwi kwa sababu yoyote; hata hivyo padre anaweza na anapaswa kumhimiza aliyetendewa aje azungumze nje ya kiti cha maungamo, ili asaidiwe. Katekista hana siri ya kitubio. Mwenyekiti wa jumuiya hana. Mama kiongozi wa WAWATA hana. Wanayo busara ya kutotangaza jina la mtoto barabarani, na hiyo ni sawa kabisa, lakini busara hiyo isigeuzwe kuwa kifuniko cha chungu.

Halafu mahakama, ambayo watu wanaiogopa kuliko wanavyostahili kuiogopa. Ushahidi katika makosa ya kujamiiana husikilizwa faraghani. Umati wa watu wa sokoni hauingii. Si lazima aliyebakwa awe na majeraha, wala si lazima aonyeshe kwamba alipigana. Sheria imesema hivyo waziwazi. Wala si lazima awepo shahidi wa pili aliyeona kwa macho. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani tangu hukumu yake ya mwaka 2006 imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni ule utokao kwa aliyebakwa mwenyewe. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi mbele ya hakimu kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Jambo hili ni dogo kwa maneno, kubwa kwa matokeo. Zimekuwapo hukumu zilizotenguliwa katika rufaa kwa sababu ahadi hiyo haikuandikwa katika mwenendo wa kesi. Vivyo hivyo ripoti ya mganga imepata kuondolewa kwenye kumbukumbu kwa kuwa mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kumwita mganga aliyeiandika ili amhoji. Mtu anayemsindikiza shahidi, akiyajua hayo, anaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka kwa adabu kabla ya kuingia chumbani.

Lakini mashauri mengi hayafi kwa makosa ya hakimu. Hufa kwa shahidi kutofika. Tarehe imepangwa wakati wa palizi, mama yuko shambani, nauli hakuna, na mdogo wa mshtakiwa amepita jioni na chupa ya mafuta ya kula na maneno matamu. Mara ya tatu shahidi hayupo, kesi huondolewa, na kijiji husema: "Mnaona? Alisingiziwa." Tunawaambieni, ndugu zetu, mfuko wa jumuiya ambao huchangia jeneza na mapokezi ya wageni unaweza pia kuchangia nauli ya shahidi. Ni fedha ndogo kuliko ile tunayotumia kukodi viti vya sherehe.

Na mshtakiwa je? Tume hii ni ya haki, hivyo lazima tuseme neno juu yake. Miaka 30 ni adhabu nzito, na wapo watu waliosingiziwa kwa ugomvi wa shamba au wivu. Ndiyo sababu inatupasa kuliacha jambo kwa vyombo vyenye kupeleleza na kupima, na kukataa kabisa hukumu ya umati wa watu wenye mawe na matairi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatazama na watuhumiwa walioko mahabusu wasio na uwezo. Mtu akiachiwa kwa dhamana, tusikimbilie kusema polisi wamekula rushwa. Dhamana si kuachiwa huru, na tarehe ya kesi ingalipo. Rushwa ikiwapo kweli, itolewe taarifa yenye ushahidi.

Tuseme sasa juu ya kipigo ndani ya ndoa, kwa kuwa huku ndiko tunakosikia neno "vumilia" likitumiwa kama sakramenti ya nane. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 40 katika kila 100, wenye umri kati ya miaka 15 na 49, wakiwa wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo wengi huijua kwa habari za mahari na talaka, inasema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko au kipigo, hata kama mila yake inasema vingine. Huu ni mwaka wa hamsini na kitu tangu neno hilo liandikwe. Kumpiga mke hata kumwumiza ni shambulio la mwili, na lina kifungo kama ambavyo kumpiga mtu baki kunavyo.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa lipo kwa ajili ya kuwasikiliza wanandoa wenye mgogoro, nalo ni lazima kupitiwa kabla ya kuomba talaka mahakamani. Kazi yake ni hiyo. Haliwezi kumzuia mama aliyevunjwa mkono kwenda polisi, na wasuluhishi wanaomwambia asubiri "mpaka tukae" wanampotosha. Mama anayeogopa talaka kwa sababu ya imani yake ajue pia kwamba sheria ya nchi ina njia nyingine, nayo ni kutengana kwa amri ya mahakama. Ndoa haivunjwi, lakini wanandoa huruhusiwa kuishi mbalimbali, na mahakama huweza kuamuru matunzo kwake na kwa watoto. Kama hofu yake ni kwamba ataondoka mikono mitupu kwa kuwa hakuwa na mshahara, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. (Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu nyingine zilizotajwa katika hukumu ileile, lakini mlango alioufungua ungali wazi kwa wengine.)

Je, Kanisa linasemaje? Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinasema kwamba mwenzi anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili humpa sababu halali ya kuondoka, kwa amri ya Askofu, na kama kuna hatari katika kukawia, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba yako mazingira ambamo kutengana hakuepukiki, na pengine ni wajibu wa kimaadili, ili kumnusuru mwenzi dhaifu au watoto. Mama aliyeondoka kwa ajili hiyo, asiyeishi na mume mwingine, hatengwi na Komunyo Takatifu. Tunaomba sentensi hiyo isomwe mara mbili katika kila jumuiya, kwa maana tumewakuta akina mama waliokaa miaka bila kupokea kwa sababu kiongozi fulani aliwaambia hawastahili.

Sheria zetu zina mapengo. Tanzania Bara hatujapata sheria ya pekee ya ukatili wa nyumbani, kama ile ya Uganda ya mwaka 2010 au ya Kenya ya mwaka 2015, ambazo humwezesha mtu kuomba amri ya ulinzi upesi kabla hajaumizwa tena. Pia sheria ya 1998 haimhesabu mume kuwa amembaka mkewe ila kama wametengana. Hapo tunadhani sheria imekosea, na tunasema hivyo bila kuacha mafundisho yetu, kwa kuwa Papa Paulo wa Sita mwaka 1968 katika Humanae Vitae alieleza kwamba tendo la ndoa linaloshurutishwa bila kujali hali na matakwa halali ya mwenzi si tendo la upendo.

Wala tusiwanyoshee vidole wengine tu. Mkosaji akiwa padre, mtawa, katekista, mwalimu wa kwaya au mlezi wa Utoto Mtakatifu, njia ni ileile ya hospitali na polisi, pamoja na taarifa kwa Askofu; kwa mapadre na watawa, ndivyo ilivyoagizwa katika Vos Estis Lux Mundi ya mwaka 2019. Kanzu haimtoi mtu katika mamlaka ya hakimu.

Mwaka jana yule binti wa kikao cha mwembe, sasa mama wa mtoto mmoja, alitufuata hadi huku. Hakuja kulalamika. Aliketi, akakubali maji ya kunywa, kisha akauliza: "Padre, siku ile ya kikao mliomba nini?" Tulijaribu kukumbuka. Tuliomba umoja wa ukoo. Jina lake hatukulitaja, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana lisitajwe.

Kwa mashauri hayo, Tume ya Haki na Amani inaziomba jumuiya zote ndogondogo za Kibaoni na vigango vyake kuchagua watu wawili kila moja, mwanamke na mwanamume, watakaofundishwa kumsindikiza aliyetendewa tangu saa ya kwanza hadi siku ya hukumu. Hawatakuwa mawakili. Sheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, nao hawaruhusiwi kusimama mahakamani badala ya wakili. Wawili wetu watakuwa chini hata ya hao, wakijua tu njia, milango na tarehe, na wakijua pa kumpata msaidizi wa kisheria na afisa ustawi wa jamii. Wachaguliwe wasioogopa kuamshwa usiku, na wasiwe wa ukoo mmoja. Aliyewahi kupokea mgawo wa mapatano ya namna tuliyoitaja asichaguliwe. Majina yafikishwe ofisi ya parokia kabla ya Dominika ya Kristu Mfalme, na mafunzo ya siku tatu yatafanyika kabla kaya hazijahamia madunguni. Chakula kitakuwapo, kila mmoja aje na daftari na kalamu.